Kutoka Unene hadi Kovu: Historia ya Picha za Moyo na Hatari ya Kifo cha Ghafla

Kati ya maradhi yanayoweza kumuua kijana aliyekuwa akionekana mzima wa afya, maradhi ya misuli ya moyo, yanayoitwa kitaalamu kadiomayopathi, yana nafasi ya pekee, kwa kuwa chanzo chake kimo ndani ya nyama ya moyo yenyewe wala si katika kuziba kwa mishipa inayoulisha moyo, na kwa kuwa mwenye ugonjwa anaweza kuishi miaka mingi bila dalili yoyote hadi siku ambapo umeme unaoongoza mapigo unavurugika. Tangu katikati ya karne ya 20 madaktari wamejaribu kumtambua mapema mgonjwa aliye katika hatari hiyo, na kwa sehemu kubwa wamefanya hivyo kwa kuutazama moyo kwa picha. Historia ya juhudi hizo husimuliwa mara nyingi kama maendeleo yasiyo na kona, lakini ushahidi wenyewe unaonyesha jambo lenye uzito zaidi: kila chombo kilichobuniwa kiliwafundisha madaktari kuhofia kile ambacho chombo hicho kiliweza kukionyesha, na yale ambayo hakikuweza kuyaonyesha yaliachwa nje ya hesabu, hata pale yalipokuwa yameshaonekana kwa darubini katika mioyo ya marehemu.

Mwaka 1958 Donald Teare, daktari wa patholojia katika hospitali ya St George's jijini London, alichapisha maelezo ya mioyo ya watu wachache wenye umri kati ya miaka 14 na 44, wengi wao wakiwa wamefariki ghafla, ambao kiambaza kinachotenganisha ventrikali mbili, yaani vyumba vya chini vya moyo, kilikuwa kimenenepa kupita kiasi wakati kuta nyingine zilikuwa na unene wa kawaida au uliozidi kidogo tu. Teare alidhani kwamba huenda alikuwa akitazama aina ya uvimbe, na katika hilo hakupatia, lakini alichokiona chini ya darubini kilikuwa sahihi na kimebaki kuwa msingi wa elimu yote iliyofuata, kwani nyuzi za misuli hazikulala kwa mpangilio kama chane za ukindu zilizowekwa tayari kwa kusukwa mkeka, bali zilielekea huku na huku, na katikati yake palikuwa na tishu ngumu ya kovu. Miaka miwili baadaye yeye na wenzake waliielezea familia moja ambamo ugonjwa huo ulirithiwa kutoka kizazi kimoja hadi kingine. Inafaa kukumbukwa hapa kwamba Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kutoa mchango wake katika elimu hii kwa njia hiyohiyo ya uchunguzi wa maiti, kwa kuwa mwaka 1948 J. N. P. Davies, aliyefanya kazi Mulago mjini Kampala, alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani wa moyo hugeuka kuwa kovu nene linaloubana moyo usiweze kujaa damu, ingawa ugonjwa huo huua zaidi kwa kuuchosha moyo polepole kuliko kwa ghafla.

Elimu ya Teare ilihusu waliokwisha kufa, na kwa walio hai hapakuwa na njia ya kuupima unene wa kiambaza. Chombo kilichokuwapo kilikuwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa hadi ndani ya moyo ili kupima shinikizo la damu, pamoja na picha za eksirei zilizopigwa baada ya kuingiza dawa ya kuonyesha njia ya damu. Katheta huonyesha shinikizo, kwa hiyo ugonjwa ukaeleweka kama ugonjwa wa shinikizo. Mwaka 1957 Russell Brock, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Guy's, London, alikuwa ameeleza kizuizi kilichojitokeza chini ya vali ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo, bila vali yenyewe kuwa na kasoro, na huko Bethesda nchini Marekani Eugene Braunwald na Andrew Glenn Morrow waliutafiti ugonjwa huo kwa miaka mingi wakiuita kwa jina lililotaja kizuizi hicho. Morrow, ambaye upasuaji wa kupunguza nyama ya kiambaza unaitwa kwa jina lake hadi leo, alikuwa na ugonjwa huohuo na alifariki mwaka 1982. Kazi yao ilikuwa kubwa na iliwafaa wagonjwa waliokosa pumzi na kuumwa kifua, lakini ilikuwa na athari moja isiyokusudiwa: mgonjwa asiye na kizuizi alionekana kuwa na nafuu, hali vifo vya ghafla vilikuwa vikiwapata hata wasio na kizuizi chochote.

Mabadiliko yalikuja kutoka mahali pasipotarajiwa, yaani kwenye ukaguzi wa chuma. Viwanda vya meli na vya mashine vilikuwa vimeanza kutumia mawimbi ya sauti yenye marudio ya juu yasiyosikika kwa sikio la binadamu ili kutafuta nyufa ndani ya vyuma, kwa kupeleka sauti ndani na kupima muda inaochukua mwangwi kurudi. Mjini Lund nchini Sweden daktari wa moyo Inge Edler na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz walifikiri kwamba kuta za moyo nazo zingeweza kurudisha mwangwi, wakaazima kifaa cha namna hiyo, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakanakili kwa mara ya kwanza mwendo wa kuta za moyo wa mtu aliye hai bila kumchoma wala kumwangazia mionzi. Kipimo hicho, ambacho wagonjwa wa Afrika Mashariki wanakijua kwa jina fupi la eko, kilichukua zaidi ya miaka 10 kukubalika, na kukubalika kwake kulitokana kwa kiasi kikubwa na bidii ya Harvey Feigenbaum wa Indiana, Marekani, aliyewafundisha madaktari wa nchi nyingi kukitumia na kukisoma.

Eko ya awali haikuchora picha ya moyo mzima. Ilipeleka mwali mmoja wa sauti kupitia kifua na kuandika kwenye karatasi mistari iliyopanda na kushuka kadiri kila ukuta ulivyosogea, hivyo daktari aliona sehemu ndogo tu ya kiambaza na sehemu ndogo ya ukuta wa nyuma, lakini hizo aliweza kuzipima kwa milimita. Mwaka 1969 Pravin Shah na wenzake mjini Rochester, New York, walionyesha kwamba katika wagonjwa wenye kizuizi jani la mbele la vali ya mitrali, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto, huvutwa kuelekea kiambaza kila moyo unapojiminya, na mwaka 1973 Walter Henry, Chester Clark na Stephen Epstein wa Bethesda walipendekeza kwamba unene wa kiambaza ukiwa mara 1.3 au zaidi ya unene wa ukuta wa nyuma, basi hiyo ndiyo alama ya ugonjwa, iwe kizuizi kipo au hakipo. Pendekezo hilo liliubadilisha ugonjwa wenyewe, kwa sababu sasa ndugu wa mgonjwa waliojiona wazima waliweza kupimwa wakiwa wamelala kitandani kwa dakika chache, na walipopimwa, wengi walikutwa na kiambaza kinene. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa watu wachache walioteseka ukageuka kuwa hali ya koo nzima, na neno kizuizi likaliachia neno unene nafasi ya kwanza.

Hata hivyo mwali mmoja hupima pale tu unapopita, na picha za pande mbili zilizoenea katika miaka ya 1970, zilizochora mkato mzima wa moyo ukiwa katika mwendo, zilidhihirisha jinsi kipimo cha awali kilivyokuwa kimeacha mambo nje. Nchini Japani, Sakamoto mwaka 1976 na Yamaguchi mwaka 1979, pamoja na wenzao, walieleza wagonjwa ambao unene ulikuwa kwenye ncha ya moyo peke yake, mahali ambapo mwali wa zamani haukufika, na mwaka 1981 Barry Maron na wenzake walionyesha kwamba unene huweza kukaa karibu popote katika ventrikali ya kushoto. Wagonjwa walioambiwa katika miaka iliyotangulia kwamba mioyo yao haina tatizo walikuwa wamepimwa kwa uaminifu, ila mahali pasipokuwa na ugonjwa.

Swali la nani atakufa lilipata uzito mpya baada ya Februari 1980, wakati kifaa kilichobuniwa na Michel Mirowski kilipopandikizwa kwa mara ya kwanza ndani ya mwili wa binadamu katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Kifaa hicho, difibrileta ya kupandikizwa, huyafuatilia mapigo usiku na mchana, na ventrikali inapoanza kutetema bila kusukuma damu hutoa mshtuko wa umeme unaorudisha mapigo ya kawaida. Kabla yake, utabiri wa kifo cha ghafla ulikuwa elimu yenye manufaa madogo kwa mgonjwa, na baada yake ukawa uamuzi wa matibabu, tena uamuzi mzito, kwa kuwa kifaa ni ghali, huweza kuingiwa na vijidudu, waya zake huweza kukatika, na huweza kumpiga mgonjwa mshtuko pasipo sababu. Madaktari walihitaji namba ya kutenganisha anayestahili na asiyestahili, na namba iliyokuwa karibu zaidi na mikono yao ilikuwa milimita za eko.

Utafiti ulioipa namba hiyo nguvu ulichapishwa mwaka 2000 na Paolo Spirito wa Genoa, Italia, pamoja na Maron na wenzao, waliofuatilia wagonjwa 480 kwa wastani wa miaka 6.5 na kukuta kwamba kasi ya vifo vya ghafla ilipanda hatua kwa hatua kulingana na unene, kutoka sifuri kwa wenye ukuta usiozidi milimita 15 hadi vifo 18.2 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka kwa wenye milimita 30 au zaidi. Milimita 30 ikawa mpaka uliotajwa katika miongozo mingi. Ilikuwa namba nzuri kwa kukumbukwa, na ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini haikuwa ukweli wote, kwani mwaka uliofuata watafiti wa London walionyesha kwamba wengi wa waliokufa ghafla walikuwa na kuta zisizofikia milimita 30, kwa sababu iliyo wazi kwamba wenye kuta nene kiasi hicho ni wachache miongoni mwa wagonjwa wote. Zaidi ya hayo, wanajenetiki walikuwa wametoa onyo mapema. Mwaka 1990 kikundi cha Christine na Jonathan Seidman mjini Boston kilitambua kasoro katika jeni ya mayosini, protini inayoufanya msuli ujikaze, na mwaka 1995 ikaelezwa kwamba koo zenye kasoro katika jeni nyingine, ya troponini T, ziliwapoteza vijana wao kwa vifo vya ghafla ingawa kuta za mioyo yao zilikuwa zimenenepa kidogo tu. Kwa familia hizo, jibu la eko kwamba unene si mkubwa lilikuwa faraja ya hatari.

Kilichokuwa kikiwaua kilikuwa kile Teare alichokiona chini ya darubini. Umeme wa moyo hupita kwenye msuli wenye afya kama wimbi moja linaloenda mbele na kuisha, lakini unapokutana na kovu hulazimika kulizunguka, na kama ndani ya kovu pamebaki njia nyembamba za msuli hai, wimbi hupita humo polepole na kutokea upande wa pili wakati msuli ulioko nje umeshapumzika na uko tayari kuchochewa upya, hivyo umeme huanza kuzunguka palepale bila kikomo na mapigo hukimbia hadi moyo unaposhindwa kusukuma damu. Unene ni ishara ya mbali tu ya hali hiyo. Mwangwi wa sauti, hata uliopigwa kwa ustadi mkubwa, hauwezi kutenganisha vizuri kovu na msuli, na ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 40 jambo lililojulikana katika chumba cha maiti halikuweza kutumika kitandani kwa mgonjwa.

Njia ya kuliona kovu kwa mtu aliye hai ilifunguliwa na kipimo cha MRI, ambacho hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kuamsha viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji ya mwili, kisha husikiliza ishara zinazotoka viini hivyo vinaporudi katika utulivu wake. Gadoliniamu, madini yanayofungwa ndani ya kemikali nyingine ili yasiudhuru mwili, hudungwa kwenye mshipa na kupita katika nafasi zilizo nje ya seli. Katika msuli wenye afya seli zimebanana na dawa hutoka haraka, bali katika kovu, ambamo seli zimepungua na nafasi zimeongezeka, dawa hukawia. Picha inayopigwa dakika 10 au zaidi baada ya kudunga, kwa mpangilio unaoufanya msuli mzima uonekane mweusi, huonyesha kovu likiwa jeupe. Njia hiyo iliendelezwa mjini Chicago mwishoni mwa miaka ya 1990 na Raymond Kim, Robert Judd na wenzao kwa ajili ya wagonjwa wa mshtuko wa moyo, na muda mfupi baadaye ikaelekezwa kwenye ugonjwa wa unene: Lubna Choudhury mwaka 2002 na James Moon wa London mwaka 2003 walikuta makovu kwa wagonjwa wengi waliowapima. Haiwezekani kutia chumvi umuhimu wa hatua hii. Kwa mara ya kwanza daktari aliweza kuuliza moyo wa mtu aliye hai umeumbwa kwa nini, wala si una unene gani tu. Watafiti wa Oxford wamekwenda mbali zaidi kwa kufuatilia mwelekeo ambao maji hujongea kandokando ya nyuzi, na mwaka 2019 walichapisha picha zinazokadiria mvurugiko wa nyuzi zenyewe katika wagonjwa walio hai.

Lakini wengi walikuwa na kovu, na si wengi waliokufa, kwa hiyo kuwapo kwa kovu peke yake hakukutosha, na swali la kiasi likarudi. Mwaka 2014 Raymond Chan na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,293 na kuonyesha kwamba kovu linalofikia asilimia 15 ya uzito wa ventrikali ya kushoto huongeza maradufu hatari ya tukio la kifo cha ghafla. Asilimia 15 ikachukua mahali pa heshima palepale palipokuwa pa milimita 30, ilhali upimaji wake hutegemea kiwango cha weupe ambacho msomaji wa picha anakihesabu kuwa kovu, na vituo tofauti vinaweza kupata asilimia tofauti kutoka picha ileile.

Kwamba MRI nayo inaweza kupotosha kulikuwa kumekwisha kuonekana katika ugonjwa wa ventrikali ya kulia, ambao msuli wake hugeuka kuwa mafuta na kovu. Mwaka 1988 Gaetano Thiene na wenzake wa Padua, Italia, waliochunguza miili ya vijana 60 waliokufa ghafla katika jimbo la Veneto, walikuta ugonjwa huo kwa 12 kati yao, na kwa kuwa MRI huonyesha mafuta kwa uwazi, madaktari wa miaka ya 1990 walianza kuyatafuta mafuta katika ukuta ambao unene wake ni milimita chache tu. Mafuta ya kawaida yanayouzunguka moyo yalisomwa kama ugonjwa, na watu wazima wa afya wakaambiwa kwamba wanao. Vigezo vya kimataifa vilivyorekebishwa mwaka 2010 viliyaacha mafuta ya MRI na kudai badala yake kasoro za mwendo wa ukuta pamoja na ukubwa wa chumba.

Katika ugonjwa wa kutanuka kwa moyo, ambao ventrikali hupanuka na kulegea, namba iliyotawala ilikuwa asilimia ya damu inayosukumwa katika kila pigo, na waliokuwa na asilimia 35 au chini ndio waliopewa kifaa. Mwaka 2013 Ankur Gulati na wenzake wa hospitali ya Royal Brompton, London, waliripoti wagonjwa 472, ambao 142 kati yao walikuwa na kovu katikati ya unene wa ukuta: kifo cha ghafla, au tukio ambalo lingekuwa kifo kama lisingezuiwa, liliwapata asilimia 29.6 ya wenye kovu na asilimia 7 ya wasio nalo. Miaka mitatu baadaye utafiti wa Denmark ulioitwa DANISH ukaonyesha kwamba kuwapandikizia kifaa wagonjwa wote wenye moyo dhaifu usiotokana na kuziba kwa mishipa hupunguza vifo vya ghafla kwa nusu, lakini hakupunguzi vifo kwa jumla. Tafiti hizi mbili zinapaswa kusomwa pamoja, kwani ya pili inaeleza kwa nini ya kwanza ina maana: kigezo cha asilimia 35 huwakusanya watu wengi ambao wangekufa kwa sababu nyingine, au wasingekufa kabisa.

Mwaka 2014, mwaka uleule wa utafiti wa Chan, Constantinos O'Mahony na wenzake wa Ulaya walitoa fomula ya ugonjwa wa unene, iliyojengwa kwa wagonjwa 3,675, inayokadiria uwezekano wa kifo cha ghafla katika miaka 5 kwa kuchanganya umri, unene wa juu wa ukuta, upana wa chumba cha juu cha kushoto, ukubwa wa kizuizi, vifo vya ghafla katika familia, mbio fupi za mapigo ya ventrikali na kuzimia kusikoelezeka. Vitatu kati ya vipengele hivyo saba vinatoka kwenye eko, na hakuna hata kimoja kinachotoka kwenye MRI, kwa kuwa wagonjwa waliokusanywa walikuwa wa tangu enzi za kabla ya kovu kuonekana. Ndani ya fomula hiyo pia unene hauongezi hatari bila kikomo, bali hatari hufika kilele kisha hushuka kwa wenye kuta nene mno, jambo lisilolingana na matokeo ya Spirito ya mwaka 2000. Wamarekani hawakuikubali fomula kuwa mwamuzi peke yake, na mwongozo wao wa mwaka 2020 uliongeza kovu kubwa, uvimbe wa puto kwenye ncha ya moyo, ambao eko huukosa mara kwa mara, na udhaifu wa kusukuma damu.

Kwa Waafrika suala hili lilipata sura ya mtu anayejulikana tarehe 26 Juni 2003, mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Kamerun alipoanguka na kufariki katika uwanja wa Lyon wakati wa nusu fainali dhidi ya Kolombia, na uchunguzi wa mwili wake ukataja ugonjwa wa unene wa misuli ya moyo. FIFA ilianzisha uchunguzi wa afya ya wachezaji, eko ikiwemo, kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2006. Papo hapo ugumu mwingine ukajitokeza, kwa kuwa mazoezi makali nayo hunenepesha moyo. Utafiti wa Italia wa mwaka 1991 uliokuta wanamichezo 16 tu kati ya 947 wenye kuta za milimita 13 au zaidi ulikuwa umefanywa kwa wanamichezo karibu wote Wazungu, na mwaka 2008 Sandeep Basavarajaiah na wenzake waliopima wanamichezo 300 weusi nchini Uingereza walikuta asilimia 18 wenye ukuta unaozidi milimita 12, ikilinganishwa na asilimia 4 ya Wazungu, bila ushahidi mwingine wa ugonjwa. Mpaka uliowekwa kwa mioyo ya Ulaya ungeweza kumwondoa mchezaji mzima kwenye kazi yake, au, kama ungelegezwa bila uangalifu, ungempitisha mgonjwa. Katika hali hiyo MRI yenye gadoliniamu ina thamani kubwa kuliko mahali pengine popote, kwani moyo ulionenepa kwa mazoezi kwa kawaida hauna kovu la aina ile ya ugonjwa, na unene wake hupungua mazoezi yakisitishwa kwa miezi michache. Fomula ya Ulaya haisaidii hapa, kwa sababu waandishi wa mwongozo wake waliagiza kwamba isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 16 wala kwa wanamichezo wa mashindano. Watoto walipata fomula yao mwaka 2019, huku mchezaji aliyekutwa na ugonjwa akiendelea kuamuliwa na madaktari wake, yeye mwenyewe na familia yake, wakiwa na picha za eko na za MRI mezani na historia ya vifo katika ukoo wake.